Mwaka wa Maandishi Matupu

Juzi tuliondoa matanga ya Madamu Goreti, nyumbani kwake Ngagara, chini ya turubai la kukodi, na watu watatu walisimama kumsifu. Mmoja alisema marehemu alikuwa mkali lakini mwenye haki. Wa pili alisema hakuwahi kuchelewa kazini hata siku moja, si wizarani, si baadaye alipofungua sekretariati yake, ofisi ya kuchapia watu barua, mtaa wa Rohero. Wa tatu alisahau alichotaka kusema, akalia, na huyo kwangu ndiye aliyesema vizuri kuliko wenzake. Mimi nilikuwa nimeshika Fanta yangu, maana wale watu wanajua bia sinywi, nikingoja kuona kama kuna atakayeutaja mwaka niliofanya kazi kwake. Haukutajwa mwaka wala kazi. Waliojua habari ile walikuwa wachache tangu mwanzo, na wengi wao hawako tena mjini. Basi nauandika mwenyewe. Ya kwetu Buyenzi, nani alimzaa nani na nani alimkosea nani, nayaacha, hayana lawama wala msaada katika habari hii. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nina cheti cha informatiki, yaani kompyuta, sina kazi, na nilijiona najua kila kitu. Soko kuu la mji wetu lilikuwa bado halijaungua.

Sekretariati ilikuwa na vyumba viwili nyuma ya duka la vitambaa. Cha mbele kilikuwa na kaunta, mashine ya fotokopi na benchi la wateja. Cha nyuma kilikuwa na kompyuta tatu, na printa moja kongwe ya sindano, ile inayochapa kwa kelele kwenye karatasi ndefu zenye matundu pembeni. Watu walikuja kuchapiwa barua za maombi ya kazi, vyeti, matangazo ya harusi. Lakini zaidi walikuja kwa ajili ya barua pepe. Wakati huo simu ya kuvuka bahari ilikuwa jambo la dakika mbili za kupigiana kelele, na familia nyingi za mitaa ya Kinama na Buyenzi hazikuwa na anwani ya intaneti. Basi ndugu waliokuwa nje waliandikia anwani ya Madamu, wakaweka jina juu: Ya Zuwena, Kinama. Ya Mzee Athumani, Buyenzi. Sisi tukachapa, tukakunja, tukaweka kwenye sanduku la mbao lenye herufi. Mteja akija anachukua yake. Asiyejua kusoma aliingia chumba cha nyuma, akasomewa mlango umefungwa. Madamu alikuwa na sheria mbili tu: barua ya mtu haisomwi bila yeye kuomba, na ikishachukuliwa, inafutwa kwenye kompyuta siku hiyo hiyo. "Siri ya mutu haiwezi lala hapa," alikuwa akisema. Saa sita alifungua sufuria yake ya maharage na ndizi aliyotoka nayo Ngagara, mimi nikatoa chapati, tukagawana bila kuongea sana, masikio yetu yakiwa kwenye benchi la wateja, ambako kila siku kulikuwa na mtu anayemweleza jirani yake jambo ambalo asingemweleza mumewe.

Kilichoniweka pale ni printa. Barua zilizotoka nje zilikuwa zimeanza kuja na maua, rangi, herufi za kila namna, na printa ya sindano ilizichukia. Badala ya salamu ilitapika alama za ajabu ukurasa mzima. Madamu aliuliza kama naweza kuzivua barua hizo mapambo yake, nikasema hiyo ni kazi ya siku mbili. Ilichukua wiki tatu. Barua pepe, kwa asiyeijua kwa ndani, si karatasi moja. Ni kama yale mabakuli ya bati yanayopangwa moja juu ya jingine, ya kubebea chakula: la kwanza lina anwani na saa, la pili maneno matupu, la tatu maneno yale yale yaliyovishwa rangi na herufi nene, la nne picha ya mtoto. Wengine hawaweki bakuli la pili kabisa. Programu yangu ilitakiwa kufungua yote, kutafuta maneno yalipo, kuyavua, na kuyatoa yakiwa maandishi matupu.

Sikuiandika yote kwa mikono yangu. Katika kazi yetu kuna kitu tunakiita maktaba. Si nyumba ya vitabu. Ni programu ambazo wengine wameshaziandika na kuziacha wazi, nawe unaziazima ndani ya yako. Maktaba niliyoiazima iliandikwa na watu waangalifu kuliko mimi, hilo nalisema leo bila kuona haya. Ilijua kwamba kuvua kunapoteza kitu. Kwa hiyo neno nene ililizungushia nyota, na neno lililokatwa kwa mstari ililiwekea vijialama vya mawimbi huku na huku, ili msomaji ajue palikuwa na nini. Wiki ya kwanza mzee mmoja alirudi kaunta na karatasi yake. "Madamu, mbona barua ya mutoto wangu iko na manyota? Amekuwa komanda?" Benchi zima lilicheka. Madamu hakucheka. "Sakina," akaniita, "ondoa hayo makorokoro. Watu wanataka maneno." Nami nilikubaliana naye moyoni, nilipenda ukurasa safi. Ilikuwa mstari mmoja wa programu, mahali pa kusema ndiyo au hapana kuhusu mapambo. Niliandika hapana, nikaenda kunywa chai.

Zuwena alikuwa mteja wa kila mwezi. Alikuwa fundi wa kushona, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mrefu, mwenye maneno machache na macho yanayokupima bega hadi bega kama vile tayari anakukatia gauni. Mumewe, Rajabu, alikuwa fundi wa magari, na mwaka wa nne huo alikuwa nchi ya baridi akirekebisha magari ya watu wengine. Zuwena alipanga chumba Kinama, jirani na dada yake, Mwamini. Akisubiri foleni alinieleza habari moja tu, na aliirudia kwa fahari: siku alipoolewa, wenzake walipewa vitenge na vyombo, yeye aliomba mahari yake iwe mashine ya kushona, na Rajabu akampa. "Mpya," alisema, "na mafuta yake kwenye chupa." Mwaka ule aliitoa nyumbani akaipeleka soko kuu, akapata nafasi kati ya mafundi wanaume, na wateja wakamfuata. Hakumwuliza Rajabu. Mtu mwingine alimwambia Rajabu kabla yake. Hata huko kwenye theluji watu wetu hawakosi mbea.

Barua ilikuja siku ya Jumatatu. Zuwena aliichukua sandukuni, akasimama karibu na dirisha kuisoma, na kwa kuwa nilikuwa namtazama usoni nilijua kuna jambo kabla hajainua kichwa. Aliisoma mara mbili. Kisha akanijia.

"Sakina, hii ndo yote?"

"Ndiyo yote, dada."

"Apana ukurasa wa pili?"

"Hakuna."

Akaomba maji, akanywa nusu, akarudisha glasi palepale ilipokuwa. Akamwambia Madamu kwa sauti ya kawaida kwamba hataonekana kwa miezi kama mitatu, na kama kuna barua yoyote apewe Mwamini. Tulielewa wote wawili. Miezi mitatu kwa mwanamke wa Kiislamu anayekunja barua ya mumewe namna ile ni eda. Ameachwa. Alikwenda sokoni, akaibeba mashine yake hadi nyumbani, akafunga mlango akaanza kuhesabu.

Habari zake zilitufikia kupitia Mwamini, ambaye alikuwa kinyume chake kabisa, mwanamke wa kuongea mpaka fotokopi ipoe. Alisema Zuwena alilia siku tatu. Siku ya nne alioga, akapika, akaanza kushona nguo za watu chumbani. Tulimwuliza kwa nini hampigii Rajabu, japo kwa dakika mbili, amwulize. "Nimemwambia," Mwamini akasema. "Anasema mutu amekuacha kwa maandishi, umwulize nini, kama mwandiko wake ni mzuri? Na mi namwambia, maji yakimwagika hayazoleki, basi tulia." Baada ya wiki kama nne alisema jambo lililonikaa: kwamba dada yake sasa anaimba akishona. Nilifurahi. Niliona mambo yamekaa sawa, nikaendelea na kazi yangu.

Sasa lazima niseme kosa langu jingine. Ile sheria ya pili ya Madamu, ya kufuta, sikuifuata. Nilikuwa nimeficha nakala za barua kama mia hivi, za asili, pamoja na mapambo yake yote, ili nizitumie kuijaribu programu kila nilipoirekebisha. Nilijiambia si za kusoma, ni za majaribio, na ilikuwa kweli, lakini kweli ile sikumwambia mtu. Wiki ya tano nilikaa nikilinganisha, asili kwenye kioo upande huu, maandishi matupu upande ule, moja baada ya nyingine. Nikafika Ya Zuwena, Kinama. Upande wa maandishi matupu ilisomeka hivi: Nimesikia umepeleka mashine sokoni bila kuniuliza. Mke wangu kukaa sokoni sikubali. Zuwena, nimekuacha talaka moja. Nisalimie dada Mwamini, nitaandika tena. Upande wa asili maneno yalikuwa hayo hayo. Ila ile sentensi ya talaka ilikuwa imekatwa kwa mstari, kutoka jina lake mpaka nukta.

Nilifanya anavyofanya mwoga: niliifunga, nikaifungua tena nione kama mstari umeondoka. Ulikuwepo. Maktaba ingeuonyesha, mimi ndiye niliyeiambia isiuonyeshe. Nikakumbuka nilivyomjibu, ndiyo yote, dada, bila kusita, kama karani aliyeulizwa ni saa ngapi. Siku mbili nilikaa nayo. Nilijitetea kwa kila namna: anaimba, mwenyewe ametulia, Rajabu hajaandika tena, kwa nini niamshe jambo lililolala? Lakini nilizaliwa Buyenzi, nilisoma madrasa, na nilijua hesabu ilivyo. Eda ikiisha atakuwa mwanamke huru kwa karatasi isiyo kamili. Akiolewa na mwingine, ataingia nyumba ya watu akiwa bado mke wa mtu, na hatajua. Nilikuwa najua mimi peke yangu. Sikuweza kula chapati zangu. Siku ya tatu, saa sita, Madamu akiwa na kijiko mkononi, nilimwambia yote, mstari na nakala nilizozificha.

Alimaliza kwanza alichokuwa nacho mdomoni. Akafunga sufuria. Nilitegemea kelele. "Bon," akasema. "Kwa hizo barua ulizoficha, nitakufukuza kesho. Kwa huyu mama, vaa viatu, twende Kinama." Akaichapa ile ya asili kwenye printa yake ndogo ya rangi, aliyoifungia kabatini na hakuruhusu iguswe kwa bei ya wino wake, akachukua na ile nakala ya matupu, akafunga duka mchana kweupe. Tulikwenda kwa teksi, jambo ambalo hakulifanya hata siku za mvua. Njia nzima alisema neno moja tu, alipoona nalia: "Utalia ukirudi." Ile kesho ilifika na hakunifukuza, wala mimi sikumkumbusha.

Chumba cha Zuwena kilikuwa na kitanda nyuma ya pazia, jiko nje kwenye baraza, na mashine chini ya dirisha, gauni la bluu likiwa limebanwa chini ya sindano. Alikuwa anakaanga ndagala, dagaa wa ziwani, na Mwamini alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua mchele na kuongea. Tulikaribishwa, tukaletewa vigoda. Madamu akaweka karatasi mbili mbele ya Zuwena, akanipa ishara niseme. Nilisema. Nilisema vibaya, nikaanza na mabakuli ya bati, Madamu akanikatiza: "Mwambie kwa kifupi." Nikamwambia kwa kifupi. Zuwena alifuta mikono, akachukua ile ya asili, akapitisha ukucha juu ya mstari.

"Huu mustari, ameuweka yeye ao mashine?"

"Yeye, dada. Mashine yetu ndiyo iliyouondoa. Mimi ndiye niliyeifanya iuondoe. Nisamehe."

Mwamini aliruka, mchele ukamwagika. "Alhamdulillahi! Hujaachwa! We bado uko muke wa mutu!" Akataka kupiga vigelegele, lakini akamtazama dada yake usoni, akaacha. Zuwena hakuwa na uso wa furaha. Hakuwa hata na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema tu, "Aitwe shehe."

Shehe Bakari, aliyekuwa akiswalisha msikiti wa jirani, alikuja baada ya alasiri. Hakuwa mzee, alikuwa kijana mnene anayeuza mipira ya baiskeli mchana, lakini kitabu chake alikijua. Alikaa mlangoni, akazisoma karatasi zote mbili, akauliza nani alizichapa, akanitazama kwa muda. "Talaka ya maandishi inafuata nia," akasema. "Mwenye nia yuko hai. Aulizwe." Madamu akatoa simu yake, akaweka vocha mbili, akapiga, akafungua kipaza sauti na kuiweka simu juu ya meza ya mashine. Rajabu alipokea kwa haraka ya mtu aliye kazini. Shehe akamsalimia, akamweleza kwa utaratibu, akamwuliza: ulinuia kumwacha mkeo?

"Apana, shehe! Wallahi apana. Mi sikuacha mutu. Si nilikata mustari? Nilikuwa na hasira, nikaandika, halafu nikakata."

"Alhamdulillahi," akasema shehe, na Mwamini naye, kwa sauti ya chini. Ingeishia hapo. Mimi nilitaka iishie hapo, kwa roho yangu yote. Lakini Madamu Goreti alikuwa amepiga chapa miaka thelathini, na kuna jambo lilikuwa linamkera. Akainamia simu.

"Samahani, bwana. Mi ni karani tu. Kwenye kompyuta mutu akijuta maneno, anayafuta, yanaisha. Kukata mustari ni kazi zaidi: unachagua maneno, unatafuta alama, unabonyeza. Kwa nini hukufuta?"

Tulisikia vyuma vikigongwa huko alikokuwa, na mtu akicheka.

"Jibu, Rajabu," akasema shehe.

"Nilitaka aone."

"Aone nini?"

"Aone kama naweza."

Ndagala zilikuwa zinaungua, hakuna aliyeinuka. Zuwena alikuwa amesimama kando ya mashine, mkono juu ya lile gauni. "Nimeona," akasema.

"Zuwena? Uko hapo? Zuwena, sikia, yaliyopita si ndwele. Rudisha mashine nyumbani, basi, yameisha. Mi bado ni mume wako."

Shehe alithibitisha. Alisema hakuna talaka, Zuwena ni mke wa Rajabu kama jana na juzi, na zile wiki tano alizojifungia si eda, ni siku tu. Zilikuwa zimepotea, na mimi ndiye niliyezipoteza. Zuwena alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha akamwuliza kama mwanamke anaweza kuomba mwenyewe kuachwa. Shehe akasema anaweza, akirudisha mahari na mume akiridhia. Mwamini akashika kichwa. "We dada, utakula nini?" Zuwena akainua mguu wa sindano, akalitoa lile gauni la bluu, akakata uzi kwa meno, akalikunja.

"Shehe, mahari yake ni hii mashine. Iko hapa, haina deni, nimeipaka mafuta leo. Namurudishia. Mwambie aandike kuniacha," akasema, akitazama simu, "na safari hii asikate mustari."

Rajabu alibisha kwa wiki mbili, akapiga, akatuma wazee, akaapa. Mjomba wake ndiye aliyekuja na mkokoteni kuichukua mashine, na aliona haya hata kuinua macho. Barua ilifika siku ya Alhamisi. Ilikuwa fupi. Sikuipitisha kwenye programu. Niliifungua asili yake, nikatazama kila neno, nikafungua bakuli moja baada ya jingine, nikatafuta mstari, rangi, chochote. Nikaichapa kama ilivyo, nikaipeleka Kinama kwa miguu.

Zuwena alikuwa barazani, anashona kwa mkono, nguo mapajani. Aliisoma akiwa amesimama, mara mbili, kama ile ya kwanza.

"Hii ndo yote?"

"Ndiyo yote, dada."

"Umeangalia vizuri?"

"Nimeangalia."

Akaikunja, akaitia kifuani, akasogeza kigoda kwa mguu wake.

"Basi kaa," akasema, "ule."